Mlango wa Magesa

Baridi haikuja na mvua. Ilitangulia, tangu mchana,
ziwa lilipogeuka rangi ya sufuria kuukuu
na upepo ukapanda mlima wetu wa Igogo
ukigonga bati moja moja
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Kabula alikuwa anafua soksi za shule.
Nikamwambia acha, maji ya baridi hayo.
Alikuwa amekwisha maliza moja.

Saa tatu usiku akasema, "Baba, miguu."
Hakusema inauma. Kwetu
neno "miguu" linatosha.
Miaka tisa tunaishi na selimundu,
tunazijua hatua zake kabla hajabisha hodi.
Mama yake akachemsha maji, akamfunga khanga tatu:
kunywa, mwanangu. Kunywa tena.

Saa tano akaacha kulia.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Pumzi yake ilipanda vipande vipande
kama mtu anayebeba ndoo kwenye ngazi.

Ndipo mvua ya mawe ikashuka.
Mji mzima umekaa juu ya mawe,
na mbingu nazo zinatuongezea!
Alizaliwa usiku wa mvua, bibi yake akamwita Kabula,
akasema mvua ni baraka.
Hakusema kama baraka hurudi kudai jina lake.

Gari halifiki kwetu. Kijana wa bodaboda
alipokea simu, akanyamaza, kisha akasema,
"Mzee, njia imekuwa mto."
Ng'ambo, juu ya kilima cha pili, taa za Bugando zinawaka,
nazihesabu dirishani: kumi na saba.
Mimi ni mponda kokoto. Miaka kumi na minne
najua jiwe lipigwe wapi lipasuke.
Usiku ule mawe yote ya Igogo
yalikuwa yananijua mimi.

Na Magesa, jirani,
ambaye tangu vuli hatusalimiani
(mfereji wake ulikula ukuta wangu,
nami nikasema neno juu ya mama yake
ambalo sitaliandika),
Magesa akaingia bila hodi,
mlango wa nyumba yake mgongoni,
bawaba zinaning'inia na misumari yake.
"Mlaze hapa."

Tukashuka. Mimi mbele, yeye nyuma,
mtoto katikati chini ya turubai la mahindi,
mama yake na tochi, mwavuli ulishakwenda zake.
Maneno ya kwanza kati yetu tangu vuli:
"Kushoto."
"Shika."
"Subiri, goti."
"Twende."
Mara moja niliteleza, mlango ukainama,
nikasikia nyuma yangu mtu mzima analia kwa hasira,
"Siachii! Inuka! Siachii!"

Getini mlinzi akauliza, "Mlango wa nini?"
Magesa akasema, "Wa kwangu."
Basi, tukapita.

Oksijeni. Dripu. Damu ya mtu nisiyemjua.
Daktari, binti mdogo mwenye viatu vilivyolowa,
akasema ni kifua, akasema, "Mmewahi."
Sikumuuliza tumewahi nini.

Alfajiri ziwa lilitulia, likajifanya halihusiki.
Kabula akafumbua macho ya manjano,
akamtazama mama yake, akanitazama mimi,
akauliza, "Soksi ya pili nani kaifua?"
Nikatoka nje. Kuna kicheko
ambacho mwanamume hukicheka akiwa ameegemea ukuta.

Nyumbani kwa Magesa walilala wazi,
mkewe kasimamisha meza mlangoni,
watoto watatu juu ya kitanda kimoja, maji chini.
Nimeurudisha mlango jioni, peke yangu, kichwani.
Nimenunua bawaba mpya, skrubu kumi na mbili.
Nilikuwa na maneno. Niliyapanga njia nzima,
toka Bugando mpaka mwamba wa juu.
Nikaanza: "Magesa, ule mfereji, na lile neno…"

Akasema, "Inua upande wako.
Bado umepinda."